Kile kimaandishi cha kijivu pembeni mwa grafu

Mteja wangu mkubwa wa kwanza alikuwa mama mmoja wa hapa Tanga anayenunua singa za mkonge kwa wakulima wadogo na kuuza marobota nje. Alinipata kwa njia ya kawaida ya mji huu: kijana wa ofisini kwake hunywa kahawa baraza moja na kaka yangu kule Ngamiani, na kaka hajui kunyamaza. Wiki hiyo hiyo nikaitwa.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nataka nikikaa hapa mezani asubuhi nione mzigo umetoka wapi na wa daraja gani. Daftari nimechoka nalo."

Tukakubaliana 4,500,000, nusu mwanzo, nusu mfumo ukisimama. Kwa mtu niliyekuwa nikitengeneza tovuti za harusi na maduka ya simu, hiyo ilikuwa hela. Sikuuliza mengi. Nikarudi chumbani kwangu, nikafungua kompyuta, nikaanza na sehemu niipendayo, yaani grafu.

Maktaba ya chati niliyoichagua, yaani programu iliyokwisha andikwa na wengine ya kuchorea grafu, sitaitaja, kwa sababu kosa ni langu, si la wenyewe. Niliipenda kwa macho tu. Unaipa namba, inakupa nguzo zilizopangana vizuri, ukipitisha kidole inakuonyesha tani, ukitaka kuchapisha inatoa picha safi. Mfano wa kwanza niliunakili jioni, na kabla ya isha nilikuwa na nguzo za Korogwe, Handeni, Muheza na Mkinga, kila moja imegawanywa rangi kwa daraja: UG, 3L na mengineyo. Nilimpigia simu mdogo wangu aje kuangalia tu. Hakuwa na la kusema, ila alikaa akitazama, na mimi nikaridhika.

Kona ya chini kulia ya kila grafu palikuwa na kimaandishi kidogo cha kijivu: jina la maktaba, ukikibonyeza kinakupeleka kwa wenyewe.

Siku ya kukabidhi, mama alivaa miwani, akasogea hadi pua ikakaribia kioo. "Na hiki kidudu cha hapa chini?"

Nikamweleza ni jina la chombo nilichochorea.

"Kiondoe. Wageni wakija watadhani ofisi ni ya mtu."

Nikatafuta mtandaoni, nikapata jibu ndani ya dakika mbili. Ni mstari mmoja wa mipangilio: unabadilisha neno la "ndiyo" kuwa "hapana", kimaandishi kinapotea. Nikafanya pale pale mbele yake, na nilijiona fundi hasa. Akacheka, akaandika hundi ya nusu iliyobaki. Kwenda nyumbani nilipanda bodaboda, na si kawaida yangu, baiskeli yangu ilikuwepo.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili. Mara ya kwanza nilikosea jioni ile niliponakili mfano bila kufungua ukurasa wa leseni. Ukurasa wenyewe haukufichwa, ulikuwa juu kabisa kwenye menyu, na nilipita pembeni yake labda mara mia.

Miezi minane ikaenda. Katikati hapo mama akapata wazo zuri la biashara: viongozi wa vyama vya ushirika vinavyomuuzia wawe wanaingia kwenye mfumo kuona mizigo yao, na wanunuzi wawili wengine wamlipe kwa mwezi ili na wao waweke takwimu zao humo. Nikamtengenezea kurasa za kuingilia, nikalipwa tena kidogo. Shika hapo, maana kwenye leseni jambo hili lilibadilisha kila kitu. Mfumo wa ndani ya ofisi ni kitu kimoja, na mfumo unaouzwa kwa watu wa nje ni kitu kingine kabisa. Mimi niliona nimeongeza kurasa nne tu.

Kisha mnunuzi mmoja wa nje, kabla ya kusaini mkataba wa miaka mitatu, akamtumia mama fomu ndefu ya ukaguzi. Nyingi zilihusu mkonge: mashine za korona za kutoa singa kwenye majani, maji machafu, vibarua, mizani. Lakini kurasa mbili zilihusu mifumo ya kompyuta, na swali moja lilitaka orodha ya programu zote za watu wengine zilizomo ndani ya mfumo, leseni ya kila moja, na nani anaimiliki hiyo leseni.

Mama akanitumia kwa WhatsApp: "Hii ni ya kwako mwanangu."

Nikajaza kwa dakika tano. Kwenye safu ya leseni niliandika neno moja kutoka juu mpaka chini: bure. Nikasaini. Ukiniuliza leo lipi linaniuma zaidi, ni saini ile. Kutosoma ni uzembe, lakini kusaini usichokisoma ni kumuweka mtu mwingine mbele ya gari, na jina la kampuni lililokuwa juu ya fomu lilikuwa la mama.

Jibu lilikuja siku nne baadaye. Mkaguzi wao hakuhitaji kuingia hata kwenye seva. Alifungua ukurasa wa kuingilia kwenye kivinjari, akaangalia mafaili yanayopakuliwa, akafungua lile la chati. Mistari ya kwanza ya faili, ambayo kompyuta huiruka lakini binadamu anaweza kuisoma, inataja mwenye hakimiliki na mahali masharti yalipo. Alinakili mistari hiyo ndani ya barua pepe, akaongeza swali moja la adabu: mnaweza kutuonyesha leseni ya matumizi ya kibiashara?

Usiku huo umeme ulikatika saa mbili. Nikasoma masharti kwenye simu, betri ikiwa asilimia thelathini, kwa mara ya kwanza.

Yalisema hivi, kwa lugha yangu: ni bure kwa mtu binafsi, mwanafunzi, shule na mradi usio wa kibiashara, na hata hapo jina letu kwenye kona libaki. Ukitumia kibiashara, nunua leseni. Leseni inahesabiwa kwa kila mtengenezaji wa programu anayegusa chati, ni ya mwaka, na ya mfumo unaouzwa kwa wateja wa nje ni tofauti na ya mfumo wa ndani, tena ghali zaidi.

Nilijitetea kimoyomoyo kama mwizi wa kuku. Mimi siuzi maktaba yao, nauza mfumo. Mama halipii chati, analipia takwimu. Sina kampuni, nina jina la biashara tu nililosajili BRELA. Faili liko mtandaoni wazi, yeyote anaweza kulipakua. Kila utetezi ulikufa niliposoma aya inayofuata. Kilichokuwa kikiulizwa ni kama kazi ile inaingiza hela, iwe kwangu au kwa ninayemfanyia. Ukubwa wangu haukuulizwa. Na lile la "liko wazi mtandaoni" ndilo linalowapoteza vijana wengi. Kuuona msimbo, yaani maandishi ya programu, hakumaanishi umeruhusiwa kuutumia utakavyo. Hata kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inataja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Anayeandika programu ana haki yake kama anayeandika kitabu.

Asubuhi nikaenda kwa mama kabla sijanywa chai. Ningeweza kumpigia simu, lakini kuna mambo mtu mzima haambiwi kwa simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mapema?"

Nikamweleza. Hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Kwa hiyo umenijengea nyumba kwa tofali za mtu."

"Ndiyo, mama."

"Mimi robota langu haliondoki hapa bila daraja kuandikwa juu yake. Wewe umeniandikia daraja ambalo hukulipima." Akavaa miwani. "Haya. Kalipime. Halafu uje na hesabu, usije na pole."

Jambo la kwanza nililofanya sawasawa katika kisa hiki chote ni barua niliyowaandikia wenye maktaba siku hiyo. Sikuzunguka. Nilisema nimetumia toleo la bure kwenye mfumo wa kibiashara kwa miezi minane, nimeondoa na jina lenu, mtengenezaji ni mmoja, watumiaji wa nje wapo, mimi ni mtu mdogo wa Tanga, nifanye nini. Niliogopa kutajiwa wakili. Siku ya pili nikajibiwa na mtu wa mauzo, mpole kabisa, akiniuliza maswali manne: watengenezaji wangapi, tovuti ngapi, wanaoingia ni wafanyakazi au wateja, na unataka kuendelea nayo au kuacha. Tukamalizana kwa mimi kununua leseni ya mwaka mmoja ya mtengenezaji mmoja, ifunike muda uliopita na muda wa kuhamisha chati. Kwa hela yetu ilikaribia laki tisa. Ziliuma, lakini nilizilipa kwa kadi, nikahifadhi risiti mahali patatu.

Usikwepe kuandika barua kama hiyo. Ukijifanya hujui utaonekana unajua. Na andika mapema, kabla hawajakuandikia wao.

Kuna kitu kingine ambacho sikukitarajia. Mhasibu wa mama aliniuliza kama nimefikiria kodi ya zuio, ile ambayo anayelipa huikata kwenye malipo na kuipeleka serikalini. Malipo ya haki ya kutumia kazi ya mtu yanaweza kuhesabiwa mrabaha, na mrabaha unazuiwa asilimia 15. Muuzaji wa nje hajui habari hiyo, yeye anataka bei yake kamili. Kwa hiyo muulize mhasibu wako kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa, maana ukibonyeza kwanza asilimia hizo zinaweza kutoka mfukoni mwako.

Baada ya hapo, kuhamisha. Mkataba mpya wa mama ulihitaji leseni ile ya wateja wa nje, na bei yake ya kila mwaka ilitushinda sote wawili. Nilikuwa na chati kumi na nne za kubadilisha.

Nilianza na Google Charts kwa sababu ni bure hata kwa biashara. Nikakwama kwenye jambo ambalo ningelijua kama ningesoma: masharti yao hayaruhusu kuhifadhi msimbo wa chati kwenye seva yako mwenyewe, lazima upakuliwe kwao kila mara. Kituo chetu kimoja cha Handeni mtandao wake huja na kuondoka kama mgeni wa Tanga wa kwenye methali, aje leo aondoke leo, na kule tuliweka seva ndogo ya ndani isiyotegemea intaneti. Google Charts ikafa siku hiyo hiyo, ila safari hii niligundua kabla ya kuandika mstari hata mmoja.

Nikaenda Chart.js. Leseni yake ni ya MIT, fupi kiasi kwamba unaimaliza ukisubiri chapati igeuzwe: tumia, badilisha, uza, ila tangazo la hakimiliki na maneno ya ruhusa yabaki ndani ya nakala. Chati kumi na moja zilikubali huko. Tatu zilikataa, na sababu ilinifundisha kwamba leseni si kitu pekee cha kuangalia. Makarani wa mama huchapisha ripoti kwenye karatasi za A4 na kuzigonga mhuri. Maktaba ya zamani ilichora kwa SVG, mistari inabaki mikali hata uikuze. Chart.js inachora kwa pikseli, yaani nukta ndogondogo, na kwenye printa ile ya ofisi maandishi ya "Handeni" yalitoka kama yameloweshwa. Nilipandisha uwiano wa pikseli, ikawa afadhali, haikuwa nzuri. Mwisho nikazipeleka hizo tatu kwenye Apache ECharts, ambayo leseni yake ni Apache 2.0 na unaweza kuichagulia kuchora kwa SVG. D3 niliitazama pia, leseni yake haina shida, lakini D3 inakupa mbao na misumari, meza unaunda mwenyewe, na mimi nilikuwa nadaiwa.

Usiku tisa. Nauandika kwa sababu watu husema "hamia ya bure" kama vile kuhama ni bure. Siku hizo tisa nilikataa kazi mbili. Nikizihesabu pamoja na laki tisa, kosa lile lilinila zaidi ya nusu ya faida ya kazi yote. Na nikisema ukweli wangu, kama mfumo ungebaki wa ndani tu, ningelipia ile ya mwanzo kila mwaka na kulala. Ilikuwa nzuri. Tatizo halikuwa bei yake. Bei haikuwa kwenye makadirio niliyompa mama siku ya kwanza, basi. Fundi ujenzi hakupi hesabu ya nyumba akaacha saruji, ila sisi wa kompyuta tunaandika "kutengeneza mfumo", namba moja, na saini.

Nilipokuwa naipekua kazi yangu yote ndipo nikakuta aibu ya pili. Kwenye ramani ya vituo vya kukusanyia, kona ile ile ya chini kulia, nilikuwa nimefuta maandishi ya OpenStreetMap. Kwa mkono ule ule, kwa sababu ile ile, ili ukurasa uwe safi. Sasa, ramani ile ni ya bure hata kwa biashara, na sharti lake kubwa kwa mtu kama mimi ndilo hilo nililolifuta: wataje waliochangia. Watu wamezipita barabara za vumbi za Kilindi na vifaa vyao wakaziweka kwenye ramani bila kulipwa, na mimi nimewafuta kwa mstari mmoja. Nilirudisha usiku huo huo. Hiyo haikunigharimu hata shilingi, na bado ndiyo iliyonitia haya zaidi.

Siku hizi, kabla sijaonyesha mteja chochote, nafungua faili la package.json, lenye orodha ya maktaba za mradi, na kuangalia leseni ya kila maktaba, na zile ambazo hizo zimezibeba ndani yao. Ipo programu ndogo iitwayo license-checker inayokutolea orodha nzima kwa amri moja. MIT, ISC, BSD na Apache hazinisumbui. Nikiona GPL, leseni inayoweza kudai umpe mteja na msimbo wako, nasimama, nasoma inataka nini nikimpa mteja nakala. Nikiona maneno kama "angalia faili la leseni", nalifungua na kulisoma lote, hata kama chai inapoa. Nikiona leseni za Creative Commons zenye alama ya NC (si kwa biashara) kwenye programu, naiacha, maana hata Creative Commons wenyewe hushauri leseni zao zisitumike kwa programu, na mabishano ya nini ni biashara na nini si biashara hayaishi.

Zipo pia za njia ya kati. amCharts kwa mfano hukuruhusu bure mradi alama yao ibaki kwenye chati, ukitaka kuiondoa unalipa. Highcharts ya Norway inauza leseni kwa biashara. Sioni ubaya kwa yoyote. Wale nao wana kodi ya nyumba. Napiga picha ya ukurasa wa masharti na tarehe, naiweka kwenye folda ya mteja, kwa sababu masharti hubadilika na toleo unalotumia linaweza kuwa na masharti tofauti na toleo jipya.

Kuna mtego mwingine mdogo. Programu inayofinya mafaili kabla ya kuyapeleka kwenye seva huweza kufuta maelezo yote ya juu, pamoja na yale ya hakimiliki ambayo MIT inataka yabaki. Kwa hiyo kila mfumo wangu sasa una ukurasa uitwao "Programu tulizotumia", na maneno ya leseni yote yamo humo. Mama aliuona, akauliza kama ndiyo ile orodha ya tofali. Nikamwambia ndiyo.

Kwenye mkataba naandika mstari mmoja zaidi: leseni za kulipia zinanunuliwa kwa jina la mteja, kwa barua pepe ya mteja. Zikiwa kwa jina langu, siku nikigongwa na lori pale njia panda ya Segera, mfumo wake unabaki yatima.

Mnunuzi alisaini, wiki sita baadaye kuliko ilivyopangwa. Mama hakunikata hata senti, lakini kazi iliyofuata alimpa mtu mwingine kwanza, wa Dar es Salaam, na mimi nikaitwa kukagua leseni za huyo wa Dar. Nililipwa kwa kazi hiyo, na nilikuta mbili.

Bado kuna duka moja la dawa Muheza lenye mfumo niliouandika mwaka ule ule, na grafu za mauzo zenye faili lile lile la zamani. Mwenye duka hajui, na hajawahi kuniuliza. Nimeshaandika chati mbadala, na nimechapisha karatasi ya maelezo kwa Kiswahili chepesi. Jumatatu napanda daladala ya asubuhi.